Ramani ya Pikapu ya Madam Wanjira

Kama leo ndiyo mara yako ya kwanza kukutana na kisa changu, jua tu kwamba naitwa Wavinya, na kwamba mwanamume niliyetaka kuolewa naye aliniibia kazi yangu. Angeuiba moyo peke yake ningemsamehe. Moyo hupona.

Quincy na mimi tulifungua biashara ya kutuni magari ya dizeli, chini ya ghorofa moja kule Kileleshwa. Yeye alipokea wateja, akavaa shati lililopigwa pasi, akaongea. Mimi nilikaa na laptopu mapajani nikiandika ramani.

Ramani ndivyo tunavyoyaita yale maagizo yaliyo ndani ya kompyuta ya gari. Ndiyo huiambia injini imeze dizeli kiasi gani na saa ngapi, na kuiambia giaboksi ibadilishe gia lini na kwa nguvu ipi. Injini ni chuma tu. Tabia yake iko kwenye ramani, na tabia hiyo niliiandika mimi.

Wiki jana niliwasimulia jinsi nilivyotoka matangani kwetu Mwala nikakuta kufuli geni mlangoni na bango jipya ukutani. Bango lilikuwa na jina la Quincy peke yake. Wateja walikuwa wameambiwa kwamba mimi nilikuwa msichana wa kushika waya.

Niliondoka na nguo zangu, laptopu kuukuu na waya mmoja. Mzee Oloo, fundi wa giaboksi pale Ngara, akanipa kona katika yadi yake, katikati ya mapipa ya oili.

"Nyar Kamba," aliniambia, maana hivyo ndivyo anavyoniita, binti wa Wakamba, "hapa hakuna kiti cha kuzunguka. Lakini hakuna mtu atakuita msichana wa waya."

Hapo ndipo mliponiacha. Mngejua yaliyokuwa yakinisubiri Hurlingham, mngeniambia nibaki matangani.

*

Madam Wanjira hukodisha jenereta. Harusi, mikutano ya injili, mazishi ya wenye nazo. Popote ambapo stima haiaminiki, yeye hufika na jenereta juu ya trela, na pikapu ya dizeli ikilivuta trela hilo. Ofisi yake iko Hurlingham, juu ya duka la dawa. Kaka yangu mkubwa, Mutinda, ni dereva wake, na ndiye aliyenifikisha kwake.

"Pikapu yangu ikivuta mzigo mlimani inalia kama mtoto aliyenyimwa titi," Madam aliniambia. "Gia inapanda, inashuka, inapanda, inashuka. Haijui inataka nini. Unaweza?"

"Naweza."

"Quincy wa Kileleshwa pia amesema anaweza. Amesema hata wewe ni yeye alikufunza."

Nilimeza maneno niliyotaka kusema. Hayakuwa ya kusemwa mbele ya mteja.

"Nipe gari moja tu, Madam."

"Nakupa moja. Ikipanda kutoka Mai Mahiu na jenereta mgongoni bila kulia, nakupa zote. Tena nitaambia kila mtu wa harusi na wa matanga katika mji huu kwamba ramani ni ya Wavinya. Ikikataa, hilo jina nisilisikie tena huku Hurlingham."

Sikuwa nimebaki na kitu kingine. Hilo jina, likitajwa pamoja na kazi yangu, ndilo nililokuwa nikililia tangu kufuli lile.

Nilianza kazi mahali ambapo wengi humalizia. Watu wa ramani huanza na injini kwa sababu huko ndiko kwenye sifa: mteja anakanyaga mafuta, anabanwa kwenye kiti, anacheka, anaenda kusimulia. Mimi nilianza na giaboksi.

Giaboksi ya otomatiki haina macho. Injini huiambia, "Nakuletea nguvu kiasi hiki," nayo hukaza klachi zake kulingana na neno hilo. Ukiongeza nguvu bila kuiandaa, inakataa na kuiomba injini ipunguze. Sasa kuna njia ya mkato. Unaiandikia injini itaje nguvu ndogo kuliko ile inayoleta. Giaboksi inaamini, inakaza kidogo, na klachi zinaanza kuteleza na kujichoma zenyewe huku dereva akifurahia mbio.

Quincy aliipenda njia hiyo. Tuligombana juu yake mara nyingi kuliko tulivyogombana juu ya wanawake wake.

Mzee Oloo alibadilisha oili na chujio la giaboksi. Mimi nikaandika, kisha tukaliunga trela na jenereta yake, Mutinda akashika usukani, nami nikakaa kando yake na laptopu. Tukateremka hadi Mai Mahiu ili tupande.

"Mbona hainirushi nyuma?" Mutinda alilalamika.

"Umebeba jenereta, Muti. Hujabeba bibi harusi."

"Hata bibi harusi hupenda kurushwa kidogo."

"Angalia barabara."

Tulipanda, nikaona gia ya nne ikisitasita, tukasimama kando ya barabara nikafuta na kuandika upya. Tukashuka. Tukapanda tena. Nikafuta tena. Mutinda alichoka akaanza kuimba nyimbo za kanisa kwa sauti ya kuniudhi. Mwishowe pikapu ilikwea mlima wote kwa gia moja, bila papara, na joto la moshi likakaa pale nilipolitaka. Nguvu nyingine niliiacha makusudi bila kuitumia. Hewa ya huku juu ni nyepesi, na tabo, ile feni inayoisukumia injini hewa, huhangaika hata bila kuongezewa kazi.

"Siste, hii kitu imetulia," Mutinda alisema. Kisha akaguna. "Lakini madereva wa ile kampuni ingine watanipita tu. Wakipita wananipungia mkono."

"Wapungie pia."

Nilidhani ni mzaha, nao umekwisha.

Madam Wanjira hakunisifu. Hana tabia hiyo. Alipanda mwenyewe, akaendesha hadi Kikuyu na kurudi, akamrudishia Mutinda funguo na kuniambia maneno machache. "Sasa imejua inataka nini. Jitayarishe, ya pili inakuja."

Siku hiyo niliwanunulia watu wote wa yadi chai na mandazi. Nilifurahi kijinga, kama mtu aliyesahau kwamba ana ndugu.

*

Simu ililia Jumamosi ya wiki iliyofuata, kichwa changu kikiwa chini ya dashibodi ya gari la mtu.

"Wavinya, uko wapi?"

"Kazini, Madam."

"Mimi niko kwa harusi Limuru. Bibi harusi ameingia bila muziki. Pasta anapayuka kama muuza mitumba ndio asikike huko nyuma. Ice cream imekuwa supu. Unajua jenereta yangu iko wapi?"

Nilitoa kichwa chini ya dashibodi.

"Iko Gitaru kando ya barabara, nyuma ya pikapu yako. Injini inanguruma, magurudumu hayasongi. Mutinda anasema kunanuka kama mkate umeungua."

"Madam, haiwezekani, mimi nili..."

"Nimeita gari la kuivuta, inaletwa hapo kwenu. Jumatatu asubuhi uwe ofisini kwangu. Uje na jibu, usije na pole."

Pikapu ilifika Ngara ikiwa imeinuliwa pua juu kama ng'ombe anayevutwa kichinjioni. Mutinda hakuja nayo. Hilo lingenitosha kunifungua macho, lakini nilikuwa na macho ya pikapu tu.

Mzee Oloo aliingia chini, akafungua karai la giaboksi, oili ikamiminika nyeusi. Alichovya kidole, akanusa, akaniletea nami ninuse. Ilikuwa harufu ya kitu kilichoteseka kwa muda mrefu kabla ya kufa.

"Oili hii niliweka mimi," alisema. "Ilikuwa nyekundu, safi. Klachi zimekwisha zote. Ulifanya nini, nyar Kamba?"

"Sikufanya hivi, jaduong'," nilisema, nikimwita mzee kwa lugha yake.

"Sijasema umefanya. Nimeuliza."

Niliunga waya wangu, nikaisoma ramani iliyokuwa ndani. Sikuhitaji kuimaliza.

Haikuwa yangu. Mipaka yote niliyoweka ilikuwa imeng'olewa. Dizeli ilikuwa imemiminwa ovyo. Na pale penyewe, pale tulipokuwa tukigombania usiku na mchana, injini ilikuwa imeandikiwa itaje nguvu ndogo kuliko ile iliyokuwa ikileta. Mtu ukiishi naye unajua anavyokoroga chai, unajua anavyokohoa akiwa na uongo mdomoni, na unajua anavyoandika ramani.

"Ni Quincy," nilisema.

Mzee Oloo alifuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja baada ya kingine. "Gari halikujipeleka Kileleshwa. Funguo hukaa na nani?"

Nilichomoa waya wangu.

"Ndugu yako," akajibu mwenyewe. "Hii giaboksi nitaitengeneza. Hiyo ingine, mimi sina spana yake."

*

Jumapili nilimpata Mutinda kwenye kibanda cha chakula karibu na soko la Ngara, bado amevaa tai ya kanisani, sahani ya madondo na chapati mbele yake.

"Umekula?" aliniuliza, macho kwenye sahani.

"Ulimpelekea Quincy gari."

Alitafuna. Akameza. Akanywa maji yote yaliyokuwa kwenye gilasi.

"Nilimpitia tu. Shemeji aliniita kwa salamu."

"Huyo si shemeji yako."

"Shemeji hafutwi kama namba ya simu, Wavi."

"Ulimpelekea lini?"

"Jumapili ile ingine, baada ya kanisa. Alisema ataiguza kidogo tu ndio nisiwe nachekwa barabarani. Akasema bado itakuwa ramani yako, ni pilipili tu ameongeza."

"Na ukaamini."

"Manze, ungeniona Waiyaki Way. Niliwaacha wote. Hata nilikufikiria, nikasema siste yangu ako na akili." 

Alisema hivyo kwa moyo mweupe kabisa. Nikacheka. Mama wa kibanda alinigeukia akitabasamu, akidhani tunasimuliana mambo mazuri.

Mutinda alisogeza sahani kando. Sauti yake ikashuka.

"Kesho Madam akikuuliza, sema ulikosea hesabu."

"Unasema nini?"

"Sikiza kwanza. Fundi akikosea anaambiwa rudia. Dereva akikosea anaambiwa weka funguo mezani. Wifi yako Emmah anajifungua mwezi ujao. Nikirudi kwa nyumba bila kazi nitamwambia nini?"

"Utamwambia ulitaka kuwapita watu Waiyaki Way."

"Mwana wa mwaitu." Akiniita hivyo, mtoto wa mama yangu, huwa hachezi. "Mimi nilitoka shule nikaenda kupasua mawe Katani ndio wewe uende chuo. Sijawahi kukukumbusha hiyo maneno."

"Umenikumbusha sasa."

"Sasa ndio nimeshikwa."

Ubaya wa maneno yale ni kwamba yalikuwa kweli. Nilisoma stashahada yangu ya uhandisi wa magari kwa mgongo wa mtu huyu. Siku ya kwanza alinifikisha langoni mwa chuo, vumbi la mawe limemganda kwenye nyusi, wasichana wenzangu wakadhani ni mtu wa mkokoteni nimemkodi anibebee sanduku. Sikuwarekebisha. Yeye alijua sikuwarekebisha, na hajawahi kulitaja hilo pia.

"Utasema?" aliniuliza.

"Sijui."

"Ukisema ulikosea, utapata gari zingine. Wewe uko na kichwa. Mimi niko na leseni peke yake."

Nilimwacha pale na tai yake. Nilitembea Ngara nzima nikimtukana kimoyomoyo, na kila tusi nililolipata lilikuwa limepakwa vumbi la Katani.

*

Jumatatu nilipanda Argwings Kodhek kwa miguu nikijifundisha kusema neno moja: si yangu. Mbele ya duka la matairi nilikuwa nalo mdomoni. Nilipofika kwenye ngazi za duka la dawa, tumbo la Emmah lilikuwa limelimeza.

Nikafungua mlango wa ofisi. Quincy alikuwa ameketi kwenye kiti cha wageni, shati jeupe, kikombe cha chai ya Madam mkononi.

"Sasa, Wavi," alisema, kama tuliagana jana kwa amani.

"Unafanya nini hapa?"

"Nimeitwa."

"Nimemwita mimi," Madam Wanjira akasema kutoka nyuma ya meza. "Keti."

Mutinda alikuwa amesimama dirishani, kofia mkononi. Alinikazia macho, mekundu, bila kupepesa. Nilidhani ananiomba. Niliketi.

"Nina swali moja," Madam akasema. "Lijibu polepole, sina haraka, harusi ya watu imeshaharibika. Ramani iliyochoma giaboksi yangu ni yako?"

Kijiko cha Quincy kiligonga kikombe, kikanyamaza.

Nililitafuta lile neno langu. Nilijua likitoka litafuatwa na mengine. Kama si yako ni ya nani? Nani alimpelekea gari? Funguo zilikuwa na nani? Nilimwona Emmah ameketi kitandani na tumbo lake, nikaona kaka yangu akirudi Katani na nyundo.

"Ni yangu, Madam."

"Yako."

"Nilikosea hesabu. Niliongeza nguvu kupita kiasi."

"Rudia nisikie vizuri."

"Ni yangu. Mutinda hajui lolote."

Hakuna aliyekuwa amemtaja Mutinda. Nililisikia kosa langu likitua mezani. Dirishani, kaka yangu alifumba macho.

Madam Wanjira aliegemea kiti. Hakuonekana kukasirika. Alionekana amechoka, na hiyo ilinitisha zaidi.

"Pikapu zangu zote zina kifaa cha kufuatilia," alisema. "Ningewezaje kulala, jenereta zikizunguka nchi nzima, kama sijui ziko wapi? Jumapili ile pikapu ilitoka kanisani ikaenda Kileleshwa, ikakaa chini ya ghorofa ya huyu bwana mpaka jioni. Niliona Jumamosi nikiwa bado Limuru, kabla giaboksi haijapoa."

Nilimtazama Quincy. Alikuwa akitazama chai yake.

"Leo asubuhi nilimwita kaka yako peke yake, nikamwonyesha. Alilia hapo ulipokaa, akaniambia yote. Nimemkemea, nimemwacha na kazi yake, kwa sababu alisema ukweli alipoulizwa. Nikamwita huyu. Naye amekubali kwamba aliigusa. Ameahidi kunipa giaboksi ingine."

"Ni haki tu," Quincy alisema kwa upole. "Niligusa gari lako bila kukuuliza."

"Kwa hivyo hapa ndani wamekosa watu wawili," Madam akaendelea, "na amenidanganya mmoja."

"Madam, nilitaka tu..."

"Najua ulichotaka. Ulitaka kumfunika ndugu yako. Ni vizuri, kamfunike nyumbani. Mimi gari langu linavuta mzigo mlimani na watu wako barabarani. Nikiuliza ndani kuna nini, nataka niambiwe kilichoko ndani."

Nilimgeukia Mutinda.

"Ungenipigia simu."

"Alichukua simu yangu," alijibu, akiiangalia simu ile juu ya meza ya Madam. "Nilikuangalia ulipoingia, Wavi. Nilikuangalia sana."

Kumbe hakuwa akiniomba. Alikuwa akinionya. Tumelala chumba kimoja utoto wetu wote, tumekula sahani moja, na siku moja niliyohitaji kumsoma usoni nilisoma nilichokuja nacho kutoka nyumbani.

Nilisimama.

"Sijamaliza," Madam akasema. "Ile ramani ya kwanza. Ile iliyopanda Mai Mahiu vizuri. Hiyo nayo uliandika wewe, ama hapo pia kuna mtu unamfunika?"

"Niliandika mimi."

"Hata hii ulisema ni yako. Na sauti ilikuwa hiyo hiyo."

Kwa mara ya kwanza nilikuwa nikisema kweli tupu, na kweli yangu ilikuwa na uso mmoja na uongo wangu wa dakika iliyopita.

Quincy alikohoa. Nilikijua kikohozi kile.

"Madam, sikutaka kuleta hii maneno," alisema. "Lakini kwa vile leo tunasema ukweli. Hiyo ramani ya kwanza ilitoka kwa laptopu ya Kileleshwa. Mimi ndiye niliianza, ya pikapu kama hiyo hiyo. Alipoondoka alibeba nakala. Mimi sikumshtaki, nilimhurumia, alikuwa ametoka matanga. Lakini jiulize. Ningewezaje kuifungua na kuiongeza nguvu mchana mmoja tu, kama si kazi ya mkono wangu?"

"Anadanganya," nilisema.

Lilikuwa neno la kweli. Lilianguka katikati ya chumba, hakuna aliyeinama kuliokota.

"Wavi," Quincy akaniambia, kwa ile sauti aliyokuwa akiitumia kuniamsha asubuhi, "usijiumize zaidi."

Ningekuwa na spana mkononi, leo ningekuwa nikiwaandikia kutoka mahali pengine.

Madam Wanjira aliinua kiganja.

"Kuna mtu alikuwa kwenye usukani," alisema. "Mutinda. Mlipanda ule mlima, mkashuka, mkapanda tena. Ulikuwa kando yake. Huyu msichana alikuwa anaandika, ama alikuwa anaweka kitu kilichoandikwa tayari? Na ukumbuke ni kwa nini uko na kazi mpaka sasa."

Mutinda aliniona. Aliniona nikifuta na kuandika kando ya barabara, huku yeye akilia njaa na kuimba nyimbo za kanisa. Hakuhitaji kunifunika wala kunihurumia. Alihitaji tu kusema alichokiona, mara moja, na jina langu lingerudi nyumbani.

"Mwambie, Muti," nilisema.

Kaka yangu aliizungusha kofia mikononi.

"Madam," alisema.

Kisha akainua macho. Hakunitazama mimi. Alimtazama Quincy, na Quincy akainua kikombe na kunywa chai yake taratibu, kama mtu ambaye jibu ameshalisikia.